Ngiri, Mizigo na Shaba: Tarikhi ya Wafanyakazi wa Shituru

Kila mahali ambapo wanaume wameishi kwa kubeba na kuinua, ngiri ina tarikhi yake, ijapokuwa aghalabu ni tarikhi isiyoandikwa, kwa kuwa wenye maradhi hayo huyasitiri chini ya nguo, na wenye kuandika vitabu vya migodi na viwanda hupenda zaidi kuhesabu tani za madini kuliko kutazama kinena cha mtu aliyezipakia. Nami nimeona vema kuitazama tarikhi hiyo katika mahali pamoja, napo ni Shituru, mojawapo ya sehemu nne za utawala za mji wa Likasi, pamoja na Kikula, Panda na Likasi yenyewe, katika jimbo la Haut-Katanga; mahali palipojengwa kiwanda cha kusafishia shaba kilichoanza kazi mwaka 1929, na ambapo kwa muda wa vizazi kadhaa siha ya mfanyakazi ilihesabiwa na tajiri wake kuwa ni sehemu ya mali ya kiwanda, hata mali hiyo ilipoharibika, siha nayo ikarudishwa kwa mwenyewe pasipo maelezo.

Tumbo la mtu lina ukuta wa misuli na kano uzuiao matumbo yasitoke nje, na ukuta huo una sehemu zake dhaifu. Kwa mwanamume udhaifu mkubwa u katika kinena, kwa sababu kabla hajazaliwa korodani zake hukaa ndani ya tumbo, kisha hushuka kwa mfereji mwembamba hata zifike mahali pake. Na mfereji ule, ambao wapaswa kuzibika, kwa wengine hauzibiki vema, na kwa wengine nyama za nyuma yake hulegea kwa umri, kwa kikohozi cha siku nyingi, kwa kukamua choo kigumu, au kwa kujikaza kutoa mkojo uliozuiwa na tezi. Ndipo kipande cha utumbo, au mafuta yaufunikayo, kinapojipenyeza na kufanya uvimbe uonekanao mtu akisimama au akikohoa, na urudio ndani akilala chali. Wanawake nao hupatwa, lakini kwa uchache: ilipohesabiwa huko Uingereza katika miaka ya 1990 ilionekana ya kwamba kati ya wanaume 100 takriban 27 watapasuliwa ngiri ya kinena katika umri wao, na kati ya wanawake 100 ni 3 tu. Watoto wadogo wana ngiri yao ya kitovu, ambayo huwatia mama zao wasiwasi mwingi, na ambayo mara nyingi hujifunga yenyewe mtoto asijatimiza miaka mitano. Watu wa Likasi husema mushipa, kama watu wa pwani wasemavyo mshipa, na chini ya jina hilo huwekwa pamoja ngiri na busha, ingawa ni maradhi mawili yenye asili mbalimbali na tiba mbalimbali.

Ngiri yaweza kukaa na mtu miaka ishirini isimfanyie zaidi ya kumwudhi. Lakini iko saa ya khatari, nayo ni pale utumbo uliotoka unapokabwa na tundu lile lile ulilopitia: damu haipiti tena, uvimbe huwa mgumu wenye maumivu makali na haurudi ukisukumwa, mtu hutapika, tumbo hujaa, choo na upepo havitoki, na asipofikishwa kwa mpasuaji katika muda wa saa chache, utumbo hufa na mwenyewe hufuata. Albert Schweitzer, aliyefika Lambaréné katika Gabon mwaka 1913, alieleza katika maandiko yake jinsi ngiri ilivyokuwa nyingi katika nchi ile na jinsi waliokabwa walivyokufa kwa mateso mbele ya jamaa zao wasiokuwa na la kufanya. Hapana sababu ya kudhani kwamba katika nyanda za Katanga mambo yalikuwa mengine.

Kwa maana huko Katanga kubeba kulitangulia kampuni ya migodi. Shaba ya nchi ile ilichimbwa na kuyeyushwa karne nyingi kabla ya Mzungu kufika, ikamiminwa katika umbo la misalaba, na katika karne ya kumi na tisa, zamani za Msiri, Mnyamwezi aliyejifanyia ufalme wa Wayeke huko Bunkeya, ilikwenda pamoja na pembe hata Bihe upande wa magharibi na hata bahari ya Hindi upande wa mashariki, yote juu ya mabega ya watu. Mpagazi wa misafara ya Unyamwezi na pwani alijua mzigo wake kwa frasila, na frasila mbili, ambazo ni takriban kilo 32, zilikuwa mzigo wa kawaida, mbali na mkeka wake, chakula chake na bunduki akiwa nayo. Mwaka 1891 kepteni Stairs aliongoza msafara wa mamia ya wapagazi kutoka pwani ya Bagamoyo kwenda kuitwaa Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold, Msiri akauawa mwezi wa Desemba mwaka ule ule, na pamoja na msafara huo alikuwako tabibu, Joseph Moloney, ambaye baadaye alichapisha kitabu cha safari hiyo. Hicho ndicho kipimo cha utabibu wa kizungu uliofika Katanga siku zile: mtu mmoja na sanduku lake la dawa, kwa mamia ya watu waliobeba.

Wala utabibu huo, kwa habari ya ngiri, haukuwa na ubora mkubwa wa kujivunia. Abu al-Qasim al-Zahrawi wa Kurtuba, aliyefariki takriban mwaka 1013, alikuwa amekwisha kuandika katika kitabu chake cha al-Tasrif namna ya kupasua ngiri na namna ya kuichoma kwa chuma cha moto, akavichora na vyombo vyake; na baada yake karne nyingi zilipita ambamo wapasuaji wa Ulaya, wengi wao watu wa kutangatanga kutoka soko hata soko, waliitoa ngiri pamoja na korodani yenyewe, wakapokea ujira wao na kuondoka kabla jeraha halijaoza. Waganga wetu waliochanja chale na kufunga mikanda ya nguo hawakuponya ngiri, lakini angalau hawakumhasi mtu. Kilichobadilisha jambo hili ni mambo mawili yaliyotokea katika muda wa maisha ya mtu mmoja: nusukaputi, iliyompa mpasuaji nafasi ya kutokimbizana na maumivu, na usafi wa kuua vijidudu, ambao Joseph Lister alianza kuutangaza mwaka 1867.

Katika mwaka huo huo wa 1867 kijana mmoja Mtaliani, Edoardo Bassini, aliyekuwa akipigana upande wa watu wa Garibaldi karibu na Roma, alichomwa singe katika kinena. Jeraha lilifika utumbo, likakaa likitoa uchafu kwa miezi, naye akapona. Sitaki kusema ya kuwa singe ile ndiyo iliyomfundisha, maana masimulizi ya namna hiyo hupendeza mno kiasi cha kutiliwa shaka. Lakini ni kweli kwamba alipokuwa mwalimu wa upasuaji huko Padua alianza, mwaka 1884, kuitengeneza ngiri kwa njia iliyokuwa mpya, akaufungua mfereji wa kinena kutoka mwanzo hata mwisho, akaukata mfuko wa ngiri juu kabisa mahali unapotokea, kisha akaushona upya ukuta wa nyuma kwa kuzivuta nyama za juu mpaka kwenye ukano wa chini wa kinena kwa nyuzi za hariri. Ndani ya miaka michache alitoa hesabu ya ngiri 262, na zilizorudi hazikufika kumi. Na kabla yake wapasuaji wengi walikiri kwamba ngiri zao zilirudi zaidi ya kutorudi. William Halsted huko Baltimore alifika karibu na mahali pale pale kwa njia yake mwenyewe mwaka 1889. Kuanzia hapo ngiri ikawa ni jambo linaloweza kutengenezwa, na mtu akarudi kazini. Na neno hili la kurudi kazini ndilo linalotuingiza Katanga.

Kampuni ya migodi ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Reli ilifika Élisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mwaka 1910. Tanuri la kwanza likawaka mwaka 1911. Reli ikafika Kambove mwaka 1913. Na katika mwaka 1921 huko Panda, jirani na Shituru, kikaanza kiwanda cha kutenganisha madini na mawe. Shituru ilikuja mwisho, lakini ilikuja na elimu mpya: madini yaliyosagwa yaliloweshwa katika tindikali, shaba ikayeyukia majini, kisha umeme ukapitishwa, na shaba ikajishikiza kidogo kidogo juu ya mabamba hata ikawa nzito na safi, ikang'olewa na kwenda kuyeyushwa katika vipande vya kusafirishwa. Umeme ulitoka katika maporomoko ya mto Lufira huko Mwadingusha, ambako mtambo ulianza mwaka 1930. Mtu aonaye kiwanda cha namna hiyo hudhani kwamba mashine zimeondoa mzigo begani mwa binadamu. Hazikuuondoa, ziliugawa upya. Palikuwa na koleo, mikokoteni ya kusukuma, magunia, mabamba ya kuinuliwa kutoka matangi, mabomba na vyuma vya matengenezo, na palikuwa na mvuke wa tindikali uliowakohoza watu, na tumekwisha kuona ya kwamba kikohozi na mzigo, vikikutana katika mwili wenye mfereji usiozibika, vina kazi moja.

Katika miaka ya kwanza kampuni ilipata watu wake kwa njia ya wakala wa kuandika wafanyakazi, Bourse du Travail du Katanga, iliyoundwa mwaka 1910, na kwa kuwaleta watu wa Rhodesia ya Kaskazini. Mikataba ilikuwa mifupi, watu walikufa kwa wingi wa kutisha kwa homa ya mapafu, kuhara na homa ya matumbo, wengine wakatoroka, na gharama za kumtafuta mtu mwingine mahali pa aliyekufa au aliyetoroka zikawa zinapanda mwaka hata mwaka. Katika miaka ya 1920 waliletwa watu kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi, na kuelekea mwisho wa miaka hiyo, wakati ule ule Shituru inapojengwa, kampuni iligeuza siasa yake: mfanyakazi aje na mkewe, afunge mkataba wa miaka mitatu, apewe nyumba, posho, zahanati, nyumba ya uzazi na shule ya watoto. Mtu aliyehusika sana na siasa hiyo hakuwa mhandisi wala mhasibu, bali alikuwa daktari, Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha maelezo ya matokeo ya miaka ishirini ya kazi hiyo. Hili ni jambo la kutafakari, kwamba aliyesimamia nguvu-kazi alikuwa tabibu. Hesabu yake haikuwa ya sadaka, wala yeye hakudai kuwa ni ya sadaka: mtu aliyesafirishwa mamia ya kilomita, akalishwa, akafundishwa kazi, akazaa watoto watakaokuwa wafanyakazi wa kesho, ni mtaji, na mtaji hutunzwa.

Kwa hesabu hiyo ngiri ilikuwa na mahali pake maalumu, kwa sababu haikufanana na homa ya mapafu iuayo upesi wala na ugonjwa wa kifua usio na dawa wakati ule. Mtu wa ngiri ni mtu mzima mwenye nguvu, mwenye ujuzi, asiyefaa kwa kazi ya kuinua mpaka apasuliwe, na akipasuliwa vema hufaa tena. Wakati wa kuandikwa alivuliwa nguo, akapimwa, akaambiwa ageuze uso na kukohoa huku kidole cha daktari kikiwa kinenani mwake, kama ifanywavyo kwa askari na waajiriwa wa migodi popote duniani. Na akisha kuwa mtu wa kambi, hospitali ilikuwa karibu na nyumba yake kuliko ilivyokuwa karibu na nyumba ya mkulima yeyote wa nchi ile. Nadhani hatuna budi kusema mawili haya kwa pamoja, ingawa hayapendezi kukaa pamoja: ya kwamba yule mtu alitazamwa kama chombo, na ya kwamba kwa kutazamwa hivyo alipata tiba ambayo ndugu yake aliyebaki kijijini hakuipata.

Ikabaki hoja nyingine, nayo ni hii: ngiri ni ya nani? Ufaransa ilipotunga sheria ya ajali za kazini tarehe 9 Aprili 1898, na Ubelgiji ikafuata tarehe 24 Desemba 1903, madaktari na mahakimu wa nchi hizo waliingia katika ikhtilafu ndefu juu ya mtu aliyeinua kitu kizito, akasikia kama kitu kimepasuka, akaona uvimbe. Yeye alisema, mzigo ndio ulionitia ngiri. Mwenye kiwanda alisema, ulizaliwa na mfereji wazi, mzigo umeufunua tu. Na wakatafuta kuibagua ngiri ya nguvu, itokayo ghafula kwa maumivu makali, na ngiri ya udhaifu, ijayo pole pole, ya kwanza ikilipwa na ya pili isilipwe, au ilipwe kidogo. Ukweli wa kitabibu kwa sehemu kubwa ulimwelekea mwenye kiwanda, kwa maana hata leo uchunguzi haujakubaliana kwamba kuinua mizigo peke yake huleta ngiri ya kinena, na kuzaliwa nayo, umri na ulegevu wa nyama vina uzito mkubwa zaidi. Lakini haki, kwa maoni yangu, ilimwelekea mfanyakazi, kwa sababu mwenye mfereji wazi akikaa dukani akiuza vitambaa huenda akazeeka bila ya kujua kwamba anao, na kampuni iliyomchagua kwa ajili ya mabega yake haiwezi kusema haikuyatumia. Na sheria zile, ziwe njema au mbaya, ziliandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Ulaya. Mtu mweusi wa Shituru hakuhesabiwa ndani yake, naye aliishi chini ya kanuni za mkataba wa kazi wa koloni, ambamo hisani ya tajiri ilichukua mahali pa haki.

Hisani hiyo ilijaribiwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Wazungu walipigana, shaba ya Katanga ikatakiwa kwa wingi kuliko wakati wowote, na urani ya Shinkolobwe, mwendo mfupi kutoka Likasi, ikapelekwa Marekani kwenda kufanyiwa bomu. Saa za kazi zikaongezeka na bei za vitu zikapanda, ijara ikabaki nyuma. Katika mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi Waafrika wa Panda na Shituru waliweka zana chini, na mgomo ulipofika Élisabethville, tarehe 9, askari waliwapiga risasi watu waliokusanyika katika uwanja wa mpira wakaua makumi. Katika vita hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, huko Toronto, mpasuaji Edward Earle Shouldice aliona vijana wakikataliwa jeshini kwa sababu ya ngiri, akajitolea kuwapasua ili waandikwe, na kwa kuwa vitanda vilikuwa haba, akawaamsha na kuwatembeza mara baada ya upasuaji, katika zama ambazo mgonjwa wa ngiri alilazwa chali kwa wiki kadhaa. Wakapona vizuri kuliko waliolazwa. Mwaka 1945 akafungua hospitali ya ngiri peke yake, na ushonaji wake wa matabaka, mmoja juu ya mwingine, ukasifika duniani. Siku hizi kila mpasuaji humwambia mgonjwa wake aondoke kitandani siku ile ile, na wachache wakumbuka ya kuwa fundisho hili lilitokana na uhaba wa vitanda na haja ya askari.

Sina mengi ya kusema juu ya miaka iliyofuata, kwa kuwa kwa ngiri ilikuwa miaka mizuri na mambo mazuri hayaachi habari nyingi. Nchi ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, hapakuwa na daktari Mkongo hata mmoja aliyehitimu katika chuo kikuu cha nchi. Walikuwako wauguzi na wasaidizi wa tiba, na wengi wa hao waliijua kazi ya chumba cha upasuaji kwa mikono yao kuliko madaktari vijana waliotumwa kuwatawala. Makumi ya wasaidizi walipelekwa Ufaransa kumaliza masomo ya udaktari. Katanga ikajitenga, mwezi wa Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa wakazingirwa Jadotville wakasalimu amri, mwaka 1966 Jadotville ikaitwa Likasi, na mwanzo wa mwaka 1967 Union Minière ikatwaliwa na dola, ikaja kuitwa Gécamines. Nyumba, posho, shule na hospitali ya Panda vikaendelea, na watu wakasema ya kwamba Gécamines ndiyo baba na ndiyo mama.

Sasa natia mkazo mahali hapa, maana hapa nyakati mbili zinapishana. Mwaka 1958 Francis Usher huko Marekani alianza kutumia wavu wa plastiki kuuziba ukuta wa tumbo mahali pa kuvuta nyama kwa nyuzi, na katika miaka ya 1980 Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaonyesha ya kwamba kipande cha wavu kikilazwa juu ya udhaifu wa kinena na kushikizwa bila ya kuvuta chochote, mgonjwa akiwa macho kwa sindano ya ganzi tu, maumivu hupungua, ngiri hairudi illa kwa nadra, na mtu huenda nyumbani siku ile ile. Alitangaza hesabu ya wagonjwa elfu mwaka 1989. Yaani katika historia yote ya binadamu, toka Kurtuba hata Padua, ngiri haikupata kuwa jambo jepesi namna hiyo la kutengeneza. Na Gécamines, iliyotoa tani takriban 476,000 za shaba mwaka 1986, ilipata pigo mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulipoporomoka, na kufikia mwaka 1994 ilikuwa imeanguka hata tani 30,000 na kitu. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, ambao wengi walikuwa mafundi na makarani wa kampuni, walifukuzwa, maelfu wakalala kuzunguka stesheni ya Likasi wakingoja gari la moshi. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa fedha iliyotoka Benki ya Dunia, wengi wakiwa na malimbikizo ya mishahara ya miezi mingi isiyolipwa. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 2001 juu ya wana wa shaba walioachwa na baba yao.

Mtu aliyezoea kupasuliwa ngiri pasipo kuulizwa fedha, akajikuta akilipia uzi, glavu, dawa ya ganzi na kitanda, alifanya ambalo kila mwenye akili angefanya: aliahirisha. Na watoto wake, kwa kuwa kiwanda hakikuwaandika, walikwenda kuchimba wenyewe, kama Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 ilivyotambua, katika mashimo ya Kambove na kwingineko, na Shinkolobwe pia mpaka ilipofungwa mwaka 2004. Na kazi yao, tukiacha ile ya sururu, ni kutoa magunia ya mawe shimoni na kuyapandisha kilimani mgongoni. Kwa karne nzima dunia ilisogea, na mpagazi wa frasila mbili akarudi akiwa na gunia lizidilo frasila mbili. Karibu nao kuna kiwanda kipya cha Shituru Mining, ambacho wenye mtaji wake mkubwa ni Wachina, kinachotumia tindikali na umeme kama kile cha 1929, lakini kikiwa na watu wachache kuliko kile.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri mmoja utokao nchi tajiri. Mwaka 2006 ulichapishwa huko Marekani uchunguzi wa wanaume 720 wenye ngiri isiyowaudhi sana, na ikaonekana ya kwamba wanaoachwa wakingoja hukabwa mara chache mno, chini ya 2 kwa kila watu 1,000 katika mwaka, basi kungoja si kosa. Ni kweli kwa mtu ambaye saa ya kukabwa itamkuta na simu, na gari, na mpasuaji aliye macho. Kwa mchimbaji aliye porini usiku wa mvua hesabu hiyo ina maana nyingine, na daktari wa Likasi amwambiaye apasuliwe mapema hasemi hivyo kwa ujinga wa vitabu.

Wala gharama ya wavu si kizuizi tena. Wavu utokao viwandani wafika dola mia na zaidi. Lakini Wahindi walianza kutumia kitambaa cha chandarua, na katika hospitali ya misheni ya Kamuli, mashariki ya Uganda, wanaume 302 walipasuliwa kwa kupiga kura, nusu kwa wavu wa bei na nusu kwa kitambaa cha chandarua kilichotakaswa kwa joto la mvuke, ambacho kipande chake huuzwa takriban dola moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: baada ya mwaka mmoja ngiri iliyorudi ilikuwa moja tu upande wa chandarua, na upande wa pili hapana, na tofauti hiyo si kitu. Ieleweke kwamba ni kitambaa kisichotiwa dawa ya mbu, kilichochaguliwa na kupimwa. Si chandarua kilichovuliwa juu ya kitanda. Huko Pemba nako, ambako uchunguzi uliochapishwa mwaka 1969 ulikuta ngiri nyingi mno kwa wanaume, na katika bara ya Tanzania, ambako madaktari wasaidizi wamekuwa wakipasua ngiri kwa miaka mingi, kazi hii haimngoji bingwa wa mji mkuu.

Kinachobaki kigumu ni siku za baada. Mgonjwa hutembea siku ile ile. Hula mboga na kunywa maji mengi ili asikamue choo. Huacha tumbaku kwa ajili ya kikohozi. Huona mfuko wa korodani umevimba na kuwa na weusi kwa siku kadhaa, naye asihofu. Akiona usaha, homa, au mkojo umezuilika, arudi upesi. Kazi nyepesi huishika baada ya wiki moja au mbili, na mizigo mizito wapasuaji wengi humtaka aiache kwa wiki nne hata sita. Mmoja katika kumi hivi hubaki na maumivu ya muda mrefu, na ni haki yake kuambiwa kabla ya kupasuliwa. Zamani za kampuni wiki hizo sita zilikuwa ni posho ya tajiri; sasa ni posho ya mke auzaye sokoni, au ya kaka, au hapana kabisa, na karatasi ya mapumziko iliyotiwa sahihi na daktari haina wa kuisoma. Kwa hiyo, kwa mchimbaji wa pande za Likasi awezaye kuchagua wakati wake, miezi ya mvua toka Novemba, mashimo yanapojaa maji na kazi inapopungua kwa wote, yamfaa kupasuliwa kuliko kiangazi. Na mpasuaji anayepanga zamu zake kwa kuifuata kalenda hiyo ya mashimo atawapata wagonjwa wanaolala wiki zote sita, kuliko yule atakayewaita Julai na kuwaona wamerudi shimoni siku ya kumi.